Jioni na Bibi au Mchezo na Wenzake: Mtoto Hujifunza Wapi Kuzungumza?

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anayekaa na bibi yake jioni hupata msikilizaji mvumilivu, anayemkamilishia sentensi, kumuuliza "kisha ikawaje?" na kumzoesha kwamba "shikamoo" huanza na mdogo, na kwamba kitendawili hakitegwi mpaka msikilizaji aitikie "tega". Humo mna kanuni ya msingi ya mazungumzo, yaani kupokezana zamu, nayo humwingia bila somo lolote.

Katika mchezo wa baba na mama na wenzake, hakuna wa kumkisia anachotaka kusema. Akitaka kuwa mama ilhali mwenzake naye anataka, itambidi aeleze, abembeleze au apendekeze wabadilishane. Na akishakuwa mama, hubadili sauti na maneno, akimwamuru "mtoto" na kumkaribisha "mgeni" kwa upole, ishara kwamba ametambua kuwa lugha hufuata uhusiano wa wanaozungumza.

Masimulizi hukua zaidi kwa mtu mzima. Kujadiliana, kwa maoni yangu, hukomaa kwa wenzake. Kwa mtoto wa miaka 3 ningemtanguliza bibi. Wa miaka 5 apewe muda mrefu zaidi uani, hata kama (nawaambia hasa walimu wa chekechea) kelele zinachosha.