Mashine ya kompyuta ya kukata stairofomu: uzoefu wangu wa kuifanya biashara

Niseme mapema: mashine yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Biashara inayoizunguka ni habari nyingine, nayo ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya maelezo haya. Wauzaji wanakuonyesha video ya waya ukipita taratibu ndani ya bloku nyeupe, herufi inadondoka safi, video inaisha. Kazi inaanzia hapo video inapoishia.

Ninayotumia ni ya waya wa moto: mihimili minne, waya wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromi) wenye unene wa milimita 0.3 na urefu wa mita 1.2, mota za stepa, yaani zinazozunguka kwa hatua ndogondogo, na bodi inayoendeshwa na GRBL, programu ya kuongoza mota. Kila ncha ya waya ina mihimili yake miwili, mmoja wa mbele na nyuma, mwingine wa juu na chini. Kwa hiyo ncha ya kushoto inaweza kufuata umbo kubwa huku ya kulia ikifuata dogo, na hivyo ndivyo bawa la ndege ya mfano linavyokatwa likipungua kutoka shina hadi ncha. Kwa herufi, nembo na kornishi (urembo wa ukingo wa dari au ukuta), ncha zote mbili zinafanya kitu kilekile, na kazi zangu nyingi ni za aina hiyo. Kama hutarajii kukata mabawa wala nguzo zinazochongoka, mihimili miwili inakutosha, na matengenezo yake ni mepesi zaidi.

Kuiunganisha si jambo la kutisha. Fremu ni ya alumini, kila skrubu ina mahali pake. Cha kuangalia ni nguzo mbili zisimame sambamba kabla ya kukaza chochote, la sivyo kila kipande kitatoka na upande mmoja mnene kuliko mwingine.

Nyota niliyoibakiza ni ya umeme. Waya wa nikromu wa unene huo una ukinzani wa kama omu 15 hadi 16 kwa mita, maana yake wangu una omu 19 hivi. Pawa saplai iliyokuja na mashine ni ya volti 24. Gawanya, unapata takriban ampea 1.3. Hiyo inatosha stairofomu nyepesi ya shanga, ile ya kilo 15 kwa mita ya ujazo. Ukiweka bloku ya kilo 30, au yale mabamba magumu ya rangi yasiyo na shanga yanayotumika kuzuia joto kwenye majengo, waya unapoa ukiwa ndani, katikati yake inabaki nyuma ya ncha, na kona zote zinatoka zimelegea. Niliiondoa nikaweka inayorekebishika hadi volti 36. Tangu hapo sibishani tena na bloku nzito.

Jingine la umeme ni la usalama, na muuzaji hakulitaja. Kitufe chekundu cha dharura kwenye mashine yangu kilikuwa kinasimamisha mota tu. Waya uliendelea kuwaka. Waya wa moto uliosimama ndani ya polistirini, yaani stairofomu yenyewe, unayeyusha shimo linalozidi kupanuka, na polistirini inashika moto. Fundi umeme alipitisha laini ya waya kwenye kitufe hichohicho, kazi ya muda mfupi kabisa. Ukinunua yako, jaribu hili kabla ya kukata chochote. Na usiiache ikikata peke yake, hata kama video zinaonyesha mtu anakunywa kahawa chumba cha pili.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Waya haukati kwa kusugua. Unayeyusha njia mbele yake kabla haujafika, kwa hiyo joto na mwendo ni lazima viende pamoja. Mwendo ukiwa mkubwa kuliko joto, waya unaegemea bloku na kupinda. Joto likizidi mwendo, njia inapanuka na uso unatoka na vishimo. Waya wangu wa milimita 0.3 huacha mpasuo wa milimita 1 hadi 1.5 kutegemea mipangilio, na kiasi hicho ni lazima programu ikifidie, hasa vipande viwili vinapotakiwa kuingiana. Kila bloku mpya inapofika nakata mchemraba wa sentimita tano na kuupima kwa kalipa kabla ya kugusa oda ya mtu, kwa sababu hata bloku za msambazaji mmoja hazifanani.

Waya pia unarefuka ukipata moto. Kwa urefu wa mita 1.2 na ongezeko la nyuzi 300 hivi, unaongezeka kama milimita tano. Bila springi ya kuuvuta, milimita hizo zinageuka ulegevu, na ulegevu unageuka mawimbi kwenye uso. Mashine isiyo na springi nzuri au uzito wa kuvutia waya usiinunue, hata kama kila kitu kingine kinapendeza. Halafu feni: mimi nilidhibiti kila kitu kingine, lakini upepo ukipita juu ya waya unaupoza upande mmoja. Hewa ivutwe kutoka juu, isipulizwe kwa ubavu.

Kuhusu programu sina mengi. Nachora kwa programu ya Inkscape, natoa msimbo wa G, yaani maagizo ya mwendo ambayo mashine inayasoma, natuma. Ukiuziwa mashine inayotegemea programu ya Mach3 kwa njia ya poti ya paralela, ile ya printa za zamani, jua kwamba utahitaji kompyuta yenye Windows ya biti 32, kwa hiyo kompyuta mpya ya mezani haitasaidia. Linalosumbua wageni wengi ni kwamba waya hauwezi kuruka. Tundu la herufi O linafikiwa kwa kupasua mlango mwembamba kutoka nje, kisha mlango huo unafungwa kwa gundi. Umbo lote linachorwa kama mstari mmoja usiokatika. Na picha ya nembo iliyogeuzwa kuwa mistari na programu yenyewe huja na maelfu ya nukta. Mashine inasitasita kwenye kila nukta, na kila inaposita waya unakula zaidi. Safisha nukta kwanza. Nusu ya malalamiko ninayosikia kuhusu mashine hizi kukata vibaya ni ya mchoro mchafu.

Pesa iko wapi basi? Tuchukue herufi ya urefu wa sentimita 40, yenye mzunguko wa kama mita mbili na nusu. Kwa mwendo wa milimita 400 kwa dakika, ni dakika sita na ushei. Lakini waya unapita upana wote wa bloku kwa wakati mmoja. Bloku ya upana wa mita moja ikikatwa umbo hilo, kisha ikachanwa vipande vya sentimita tano, inatoa herufi 19 zinazofanana (ya ishirini inaliwa na mipasuo). Dakika sita zilezile, na muda kidogo wa kuchana. Anayetaka jina lake moja la sherehe anakupa herufi saba tofauti, kila moja na dakika zake, kila moja na mabaki yake. Anayetaka kornishi ya nyumba nzima anakupa umbo moja mara mia. Kornishi mbili zikipangwa mgongo kwa mgongo zinagawana mpasuo, na bloku inaisha karibu bila taka. Majina ya sherehe yanapendeza kwenye picha na ndiyo yanayonitangaza. Kornishi, vibao vya vifungashio na maganda ya kuvalisha mabomba ndiyo yanayolipa.

Na hata kornishi haiishii kwenye waya. Ya nje ya nyumba inahitaji bloku nzito zaidi, wavu wa nyuzi za kioo unaostahimili saruji, na mchanganyiko wa saruji na akriliki juu yake. Mimi navuta mchanganyiko huo kwa bati lililokatwa umbo la kinyume la kornishi, mkono wa kwanza, unakauka, mkono wa pili. Kukata kunachukua sehemu ndogo ya siku. Kupaka na kungoja kukauka kunachukua iliyobaki, pamoja na nafasi. Mtu akiniuliza chumba kiwe kikubwa kiasi gani, namwambia afikirie meza za kukaushia kabla ya mashine.

Herufi nazo zinapigwa msasa, zinapakwa puti, zinapakwa rangi. Rangi ya maji tu. Rangi ya mafuta yenye thina, rangi nyingi za kopo la kupuliza, asetoni, petroli na gundi za kawaida za viatu vyote vinayeyusha polistirini. Mteja akichukua herufi tupu ili akapake mwenyewe, namwambia hilo mdomoni na naliandika kwenye risiti, maana atakayerudi na herufi iliyodidimia atalaumu mashine.

Bei ndiyo sehemu ngumu. Mteja anainua herufi kwa vidole viwili, anaiona nyepesi, anataka na bei iwe nyepesi. Sihesabu kwa uzito wala kwa ukubwa wa herufi. Nahesabu ujazo wa bloku iliyotumika pamoja na mabaki, dakika za waya, kisha saa za mikono, na hizo za mikono karibu kila mara ndizo kubwa. Usafiri nauweka mbali kabisa. Mita nzima ya ujazo ina kilo 15 tu, lakini gari linajaa palepale. Unalipia kusafirisha hewa, ukienda kununua na ukienda kukabidhi.

Moshi usiuchukulie kirahisi. Polistirini inayoyeyuka hutoa staireni, na mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliipandisha kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Inatakiwa yenye kichujio cha kaboni, na bomba la kuvuta hewa lipeleke nje. Kuna pia wanaoleta sponji la godoro wakitaka likatwe. Hilo ni poliyurethani, haliyeyuki vizuri kwa waya, linaungua, na moshi wake unaweza kuwa na sianidi ya hidrojeni. Povu la PVC nalo nalikataa. Nimepoteza oda kwa msimamo huo na sijuti.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, bodi inasahau ilipo, na bloku hiyo mara nyingi imekwisha. Kifaa cha umeme wa akiba cha kushikilia mota, waya na kompyuta kwa muda wa kumaliza mpasuo kilijilipa haraka kuliko kitu kingine chochote nilichoongeza.

Kuna kazi ambazo mashine hii haiziwezi hata ukiibembeleza: sura ya mtu, ua lenye kina, maandishi yaliyochimbwa juu ya uso. Waya ni mstari ulionyooka, hauingii shimoni kuchimba. Hizo ni za rauta, mashine inayochonga kwa kisu kinachozunguka. Nimeulizwa mara nyingi kama nitaongeza rauta. Kwa sasa hapana: vumbi lake linataka chumba chake, na kazi zenyewe si nyingi. Nazipeleka kwa mwenzangu mwenye rauta, naye anapopata kornishi ndefu ananiletea.