Kompyuta gani ununue ukitaka kuhosti seva ya gemu nyumbani Lamu

Ukitaka kuhosti gemu kwa ajili ya marafiki, usianze kwa kutafuta kompyuta ya gemu. Seva haichori picha yoyote. Picha huchorwa na mashine ya kila mchezaji huko aliko. Kazi ya seva ni kushika hesabu: nani yuko wapi, nani kavunja ukuta wa nani, mazao ya nani yamekomaa, usiku umeingia au bado. Ile kadi ya picha inayomeza sehemu kubwa ya bei itakaa bure. Unachohitaji ni mashine inayokesha bila kupata joto, inayokula stima kidogo, na inayojiwasha yenyewe stima ikirudi. Hapa kwetu Lamu hilo la mwisho ninalipatia uzito kuliko kasi, na ndilo lililopanga orodha hii.

Nazungumzia kundi la kawaida: watu wanne hadi wanane, wawili Langoni, wengine Mkomani, mmoja anasoma Mombasa na binamu yuko Dubai. Magemu ninayoyalenga ni Minecraft, Terraria, Valheim na Palworld, kwa kuwa yote yana programu ya seva isiyolipiwa ambayo unaiendesha mwenyewe.

Kabla ya kutoa pesa, chunguza intaneti yako

Kompyuta nzuri haina faida kama wenzako hawawezi kuifikia. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, tazama anwani ya IP ya upande wa nje. Ikianza na 100 na namba inayofuata ikawa kati ya 64 na 127, basi unatumia anwani moja na wateja wengine wa kampuni yako ya intaneti. Kufungua poti kwenye ruta (25565 kwa Minecraft ya Java, 7777 kwa Terraria, 2456 kwa Valheim) hakutasaidia, maana mlango uliofungwa hauko kwako, uko kwa kampuni. Intaneti ya simu karibu yote iko hivyo, na faiba nyingi za nyumbani pia.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuomba anwani ya umma isiyobadilika, ambayo kwa kawaida hulipiwa kila mwezi. Ya pili ni programu kama Tailscale au ZeroTier, ambazo huunganisha mashine zenu kana kwamba zote ziko kwenye ruta moja. Zote mbili zina mpango wa bure, na kila mchezaji anaiweka kwenye kompyuta yake mara moja tu. Mimi napendelea njia hii ya pili hata kwa mwenye anwani ya umma, kwa sababu nyumba yako haibaki wazi kwa kila mpita njia wa mtandaoni.

Mtu anayetegemea bando la simu ajue jambo hili: data ya wachezaji wote inapita kwake. Wakicheza sita, bando linaloisha ni lako pamoja na lao.

Na nyumba za mji wa kale zina shida yake. Ukuta wa matumbawe na chokaa unaokaribia unene wa nusu mita huumeza mtandao wa waifai. Ruta ikiwa msana (chumba kirefu) wa mbele na kompyuta chumba cha ndani, gemu itakwama hata kama faiba ni ya haraka. Seva iunganishwe na ruta kwa waya. Kama waya hauwezi kupita, hamisha seva, iwekwe chumba kimoja na ruta.

Namba moja: kompyuta ndogo ya ofisini ya mtumba

Hizi ni zile Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny, ambazo ofisini hufungwa nyuma ya skrini. Upana wake ni kama sentimita 18, na unene usiofika 4. Nyingi zina prosesa za Intel zenye herufi T mwishoni, zilizotengenezwa kwa wati 35, kwa hiyo feni yake haipigi kelele na chumba hakipati joto.

Sababu ya kuuzwa kwa wingi ni nzuri kwako. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba, kwa hiyo ofisi zinaziondoa. Seva haijali. Unaiweka Ubuntu au Debian, mifumo ya bure inayochukua nafasi ya Windows, na inaendelea kupata masasisho ya usalama.

Kati ya matoleo, i5-6500T (kori 4, yaani vichwa vinne vya kuhesabia ndani ya prosesa, kasi hadi 3.1 GHz) inatosha kwa Terraria na kwa Minecraft ya watu wachache. Pesa ikiruhusu, tafuta i5-8500T: kori 6, hadi 3.5 GHz. Hapo usidanganywe na idadi ya kori. Minecraft hufanya kazi yake kubwa kwenye kori moja, na hujaribu kuhesabu dunia yote mara 20 kila sekunde. Kori hiyo moja ikichelewa, kori nyingine haziisaidii, na ng'ombe wanaanza kutembea kwa kurukaruka. Tazama GHz ya juu kwanza.

RAM (kumbukumbu ya kazi): GB 8 kwa Minecraft na Terraria, ukiigawia seva ya Minecraft GB 4 na kuuachia mfumo zilizobaki. Valheim, ambayo ukomo wake ni wachezaji 10, nayo huenda vizuri hapo. Palworld ni jambo lingine. Watengenezaji wenyewe wanashauri GB 16 au zaidi, na kadiri seva inavyokaa bila kuzimwa ndivyo inavyozidi kuila. Raha ya mashine hizi ni kwamba RAM yake ni ya aina ya laptopu, unaiongeza mwenyewe kwa bisibisi moja. Diski iwe SSD bila mjadala. Diski ya kuzunguka huifanya dunia ichelewe kufunguka kila mchezaji anapokwenda sehemu mpya.

Sasa dukani, kwa kuwa wengi wetu tunazinunua Mombasa na kuzileta, na kurudisha ni safari. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kwa adapta atakayokupa, si ile ya kwenye kaunta. Dell huitambua adapta yake: ukipewa ya kubahatisha, mashine huandika wakati wa kuwaka kwamba haijui aina ya adapta, kisha hupunguza kasi ya prosesa bila kukuambia tena. Ukiona maandishi hayo, kataa adapta hiyo.

Kisha zima, ng'oa waya wa stima kabisa, subiri dakika chache, washa tena, uangalie saa. Ikiwa tarehe imerudi miaka nyuma, betri ndogo ya ndani, CR2032, imekufa. Ni betri ya bei ndogo sana, lakini ikiwa imekufa, kila stima inapokatika mashine inaweza kusimama kwenye skrini nyeusi ikisubiri mtu abonyeze kitufe, na wewe uko Mombasa.

Mwisho ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine (mashine inapowaka bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo), utafute mpangilio wa nini kifanyike stima ikirudi baada ya kukatika. Weka iwake yenyewe. Mpangilio huu mmoja ndio ulioipa mashine hii namba moja mbele ya laptopu.

Chunguza pia matundu ya USB na ya waya wa mtandao kwa tochi ya simu. Ukiona ukijani au weupe kama chumvi, mashine hiyo imeshaishi karibu na bahari, na kutu hiyo itaendelea.

Hesabu ya tokeni: mashine ya wati 20 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 hula yuniti 14.4. Ukiiwasha saa tano tu kila usiku, ni yuniti 3.

Namba mbili: laptopu ya mtumba

Laptopu ina jambo ambalo hakuna kompyuta nyingine kwenye orodha hii iliyo nalo: betri. Stima ikipotea haishtuki. Kama huna uwezo wa kununua UPS (betri ya nje inayoshikilia stima ikikatika) sasa hivi, basi kwako wewe laptopu ndiyo namba moja. Na hupaswi kulipia skrini safi. Yenye skrini iliyovunjika au kibodi iliyokufa inafaa kabisa, na bei yake hushuka sana. Ichomeke kwenye televisheni siku ya kuiweka mfumo, kisha uiendeshe kutoka kwenye kompyuta yako.

Kasoro ni mbili. Betri inayochajiwa mchana na usiku kwenye joto la pwani huvimba. Mashine kama ThinkPad hukuruhusu kuiwekea ukomo wa chaji wa asilimia 80, na ni muhimu ufanye hivyo. Ukiona kifuniko cha chini kimeinuka au pedi ya kugusa inabonyea vibaya, itoe betri hiyo nje ya nyumba, usiendelee kuitumia. Kasoro ya pili: betri ikiisha na laptopu ikazimika, nyingi haziwaki zenyewe stima inaporudi.

Iache wazi kidogo na uinyanyue kutoka mezani ili hewa ipite.

Namba tatu: kompyuta ndogo mpya yenye Intel N100

N100 ilitoka mwanzoni mwa 2023: kori 4, hadi 3.4 GHz, na Intel iliipangia wati 6 tu. Ni chaguo zuri kwa asiyetaka mtumba na anayetaka waranti. Ina nguvu zinazokaribiana na ile i5-6500T ya kizazi cha sita, ila kwa pesa ile ile mtumba mara nyingi hukupa RAM zaidi. Intel inataja GB 16 kuwa ukomo wake. Tahadhari ni kwenye majina: ziko za majina yasiyojulikana ambazo ukipoteza adapta yake hujui pa kuipata.

Namba nne: Raspberry Pi 5

Naujua mvuto wake. Ni ndogo, haili stima, hujiwasha yenyewe, na ya sasa si dhaifu kama zile za zamani: kori 4 za 2.4 GHz tangu ilipotoka 2023. Lakini bei inayosemwa si bei utakayolipa. Ilipotoka, ya GB 8 ilitangazwa kwa dola 80, na hiyo ni bodi peke yake. Ongeza adapta yake ya ampea 5, feni, kasha na diski, kisha usafirishaji hadi Kenya, na umefika kwenye bei ya kompyuta ya ofisini iliyokamilika.

Zaidi ya hapo, prosesa yake ni ya aina ya ARM. Minecraft ya Java huendeshwa vizuri. Seva rasmi ya Minecraft ya Bedrock, ile wanayotumia wenye simu na konsoli, imetengenezwa kwa prosesa za aina ya Intel na AMD, na ya Valheim pia. Kuzilazimisha humo kunawezekana kwa kuzunguka, na kila sasisho la gemu linaweza kuvunja ulichokifunga. Kwa kijana anayetaka kujifunza vifaa vya elektroniki, inunuliwe kwa sababu hiyo. Kwa seva peke yake, hapana.

Namba tano: kompyuta kubwa ya mezani

Ina nafasi ya RAM na diski, na mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kabisa. Inashindwa kwenye tokeni: wati 70 kwa mwezi mzima ni yuniti 50.4, na kwa kuwa Kenya Power hupandisha bei ya yuniti kwa anayetumia zaidi, seva inaweza kuipandisha nyumba nzima daraja. Ikiharibika, kuibeba hadi jeti, kuivusha Mokowe na kuipakia basi la Mombasa ni kazi. Kama tayari unayo, itumie kwa saa za kucheza tu. Usiinunue kwa ajili hii.

Kompyuta ya gemu sikuiweka kwenye orodha. Kama unayo ya kuchezea, ijaribu kwanza kama seva wiki moja kabla ya kununua chochote. Kwa watu watatu huenda hutahitaji kitu kingine.

Seva ya kukodi ng'ambo inafaa kwa kundi ambalo wengi wake hawako pwani, au kwa nyumba isiyo na intaneti ya kutegemewa. Ila ikiwa iko Ulaya, kila tendo lenu litasafiri kwa nyaya za baharini kwenda na kurudi, na ucheleweshaji wake kwa kawaida huzidi milisekunde 100. Terraria na Minecraft ya kujenga huvumilia. Mapigano yataonekana yamechelewa.

Pesa iliyobaki

Nunua UPS ndogo, na uchomeke ruta humo pamoja na seva. Wengi husahau ruta. Seva inabaki hai lakini hakuna anayeifikia. Seva ikizimika ghafla katikati ya kuhifadhi, faili za dunia zinaweza kuharibika, kwa hiyo nunua na flashi ya kunakilia dunia yenu kila wiki, ikae mbali na mashine.

Mahali pa kuiweka: kidaka cha ukutani kinaonekana kama kimechongwa kwa ajili yake, lakini kimefungwa pande zote isipokuwa mbele, na joto halina pa kwenda. Iweke kwenye rafu ya mbao, mbali na dirisha linalotazama bahari, hasa miezi ya kusi upepo unapoingia na chumvi. Funika kwa kitambaa chepesi wakati imezimwa tu. Fungua kifuniko mara moja kila miezi michache, uondoe vumbi la feni kwa brashi laini. Na ukiileta kwa boti kutoka Mokowe, ifunge ndani ya plastiki mbili na uipakate mwenyewe.

Minecraft ikianza kukwama ilhali watu ni sita tu, usikimbilie kununua nyingine. Fungua faili la server.properties na ushushe view-distance (umbali ambao mchezaji anauona) kutoka 10 hadi 6, kisha badilisha programu ya seva uweke Paper, ambayo ni ya bure na ni nyepesi kuliko ile ya asili.