Diski ya kutolea rangi kwenye bodi ya Bedford: inafaa wapi, inaharibu wapi

Karibuni, mafundi na wapenzi wa malori ya zamani. Leo tunachambua diski ya kutolea rangi, ile inayofanana na sifongo gumu na kufungwa kwenye grenda. Kazi yenyewe ni boneti na milango ya Bedford TJ, lori lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1958.

Itazameni kwa karibu. Ni nyuzi za nailoni zilizoshikana na chembe za kusagia, na kati yake kuna matundu. Kwa sababu ya matundu hayo vumbi linapata pa kutokea, kwa hiyo diski haizibi upesi kama msasa. Tena haili bati kama jiwe la grenda. Jiwe hilo msilipeleke kwenye boneti hata kidogo.

Tatizo lake ni joto. Grenda ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukikandamiza sehemu moja, rangi inalainika na kunata kwenye diski, na bati bapa la katikati ya mlango linatanuka. Likipoa, unalisukuma kwa kidole linabonyea, ukiachia linarudi kwa mlio. Kunyoosha hapo ni kazi ngumu kweli. Tumia grenda inayopunguzwa mwendo, ilaze diski kidogo, usiikandamize, na usitulie mahali pamoja. Zima, gusa bati kwa kiganja. Ukishindwa kuvumilia, hamia paneli nyingine. Na soma kasi iliyoandikwa nyuma ya diski: ikiwa ndogo kuliko ya grenda, usiifunge.

Hata hivyo, msianze na diski. Lori la umri huu huwa limepakwa rangi juu ya rangi, na za chini mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni sumu. Kwaruza kwa msasa namba 40 ukilowesha maji, acha pakauke, kisha paka dawa ya kutolea rangi, nene, bila kurudiarudia brashi. Funika kwa nailoni isikauke. Rangi ikishavimba na kukunjamana, ikwangue kwa skrepa ya plastiki. Kwenye maungio acha sentimita tatu bila dawa: ikijipenyeza humo haitoki, na baadaye itababua rangi mpya. Kingo hizo na mabaki ndiyo kazi halisi ya diski, ukiwa na miwani, glovu na barakoa ya P3, yaani yenye kichujio cha vumbi laini. Kitambaa hakizuii vumbi la risasi. Vumbi lifutwe kwa maji, lisifagiliwe.

Kupiga mchanga kwa hewa ya kompresa kunafaa chasi na rimu. Kwenye mlango, mapigo yake yanatanua uso wa bati na kulipinda.

Mkimaliza, futeni bati kwa tina safi, msiliguse kwa mikono mitupu, na pigeni praima ya epoksi siku hiyohiyo. Kwa walioko Tanga au Mombasa, unyevu wa pwani hausubiri asubuhi. Kutu huanza usiku huohuo.