Kadi tatu, draiva huria tupu: amdgpu, Intel na Nouveau nilivyoishi nazo

Mimi Linux nikishainstoli sitaki kushika kitu tena, ndo maana niliamua mashine zangu zote zitumie draiva huria tu za kadi za picha (programu za kuendesha kadi ambazo kodi yake iko wazi), zile za kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, pamoja na Mesa, mkusanyiko wa draiva za juu zinazochora picha, nione zitanifikisha wapi.

Desktopu ina RX 580 ya AMD. Sina hata cha kusimulia, nilichomeka, nikawasha, picha ikaja. Draiva yake amdgpu imo kwenye keneli toka 4.2 ya mwaka 2015, na kwa Vulkan, njia ambayo gemu hutumia kuiamuru kadi ichore, kuna RADV ya Mesa, ambayo kinachochekesha ilianzishwa 2016 na watu wa nje, sio AMD, halafu ikaipiku AMDVLK, draiva ya AMD wenyewe, hadi 2025 wakaifunga wakahamia RADV. Zamani gemu likifungua sehemu mpya lilikuwa linakwamakwama sheda (viprogramu vidogo vya kuchora) zikitengenezwa, toka Mesa 20.2 ilipoifanya ACO kuwa ndo kompaila ya kawaida ya kutengeneza sheda hizo hilo kwangu limepungua mno.

Laptopu ina UHD 620 ya Intel. i915 chini kwenye keneli, iris juu kwenye Mesa, video zinateleza, gemu kubwa usiote. Basi.

Sasa GTX 1060 ya Nvidia, hapo ndo kuna kisa. Nouveau, draiva yake huria, inawaka vizuri tu, madirisha safi, unajua mambo yameiva, fungua gemu sasa, ni kama unaangalia picha za mnato. Nikawa nawasema sana waandishi wa Nouveau, kumbe nawaonea. Kuanzia kizazi cha GTX 900, na 1060 imo humo, kadi haikubali kupandisha spidi bila faimwea (programu ya ndani ya kadi) yenye sahihi ya Nvidia, na ya kazi hiyo Nouveau hawakuipata, kwa hiyo kadi inabaki na spidi ile ile iliyoamka nayo. Gari limefungwa gia namba moja, draiva atafanyaje?

Kadi zilizokuja baada ya 1060, GTX 16 na RTX 20 kwenda juu, ndo zimepona, keneli 6.7 iliwezesha Nouveau kutumia GSP, kichakataji kidogo humo humo kwenye kadi kinachopanga spidi chenyewe, na kwa Vulkan kuna NVK, nayo ya Mesa. Ila usichanganye na ile moduli ya keneli ambayo Nvidia waliiachia wazi 2022, hiyo nayo ni ya hizo hizo kadi mpya, na upande wake wa juu wa OpenGL (ndugu mzee wa Vulkan) na Vulkan bado umefungwa.

1060 yangu imekosa basi kwa kizazi kimoja tu, inauma. Saa hizi inaendesha skrini ya pili ya kusomea, na kwa hiyo kazi wala haina shida.