Kwa Nini Nilichagua Blender kwa Picha Halisi za Majengo ya Pwani

Mimi ni mbunifu wa majengo, na sehemu kubwa ya kazi zangu ni nyumba za kuishi na nyumba ndogo za wageni katika Dar es Salaam na Zanzibar. Wateja wa kazi hizi mara nyingi hawasomi ramani. Wanaangalia picha, na kwa picha hiyo wanaamua kama watatoa fedha za kujenga msingi. Ndiyo sababu nilipotafuta programu ya kurenda, yaani ya kugeuza modeli ya jengo iliyo kwenye kompyuta kuwa picha, sharti langu la kwanza lilikuwa ukweli wa mwanga, ili mwenye nyumba atakapoingia katika jengo lililokamilika akute kile alichoonyeshwa.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi, na mwishoni mwa Desemba hupita upande wa kusini kwenye kimo cha nyuzi 73. Kwa hiyo vivuli vya mchana ni vifupi, na ukuta unaotazama kaskazini, ambao Ulaya hauoni jua la adhuhuri mwaka mzima, kwetu ndio unaolipokea wakati wa kipupwe. Picha ambayo imewekewa jua la chini lenye vivuli virefu vya kupendeza, ilhali imeandikwa kuwa ni saa sita mchana, inamdanganya mteja juu ya jambo atakaloishi nalo kila siku. Programu za kurenda za Lumion, Twinmotion, Enscape na V-Ray zote zinaruhusu kuweka mahali, tarehe na saa, na Blender, programu niliyoichagua, hufanya hivyo kwa kiendelezi chake cha Sun Position; kwa kipimo hicho hakuna iliyoachwa nyuma.

Tofauti niliiona baada ya mwanga kugonga ardhi. Modeli yangu ya majaribio ilikuwa nyumba yenye veranda pana, dari nyeupe, na uwanja wa udongo mwekundu mbele yake. Yeyote aliyekaa katika veranda ya namna hiyo anajua kwamba dari haiwi nyeupe mchana: jua hugonga udongo, na mwanga unaoruka juu huipaka dari wekundu hafifu, hasa kwenye ukingo wa nje. Cycles, injini ya kurenda iliyomo ndani ya Blender tangu 2011, hufuatilia miale ya mwanga kutoka kwenye kamera, ikirukaruka kati ya nyuso hadi kufikia chanzo cha mwanga, kwa hiyo wekundu ule ulijitokeza wenyewe bila mimi kuupaka. EEVEE, injini ya haraka ya Blender hiyohiyo, hukadiria tu mwanga wa namna hii, na ndivyo zilivyo njia nyingi za kurenda papo kwa papo. V-Ray nayo huufuatilia kwa uaminifu mkubwa, na Twinmotion ina njia yake ya kufuatilia miale kwa kompyuta yenye kadi ya grafiki inayofaa. Ila, tofauti na njia hiyo ya Twinmotion, Cycles hufanya kazi hata kwa prosesa peke yake, polepole lakini kwa matokeo yaleyale, na hili ni jambo kubwa kwa ofisi ndogo ambayo haina uwezo wa kununua kadi ya grafiki ya bei ya juu.

Jaribio lililonigusa zaidi lilikuwa ukuta wa chokaa. Majengo ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa plasta ya chokaa, na ukuta huo ukipigwa na jua la mchana hung'aa kiasi cha kuumiza macho. Ukiurenda bila uangalifu, unakuwa doa jeupe tupu: alama za mwiko wa fundi, mawimbi ya plasta na vivuli vidogo vya mikwaruzo vyote vinapotea. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, Blender hutumia AgX kama njia yake ya kawaida ya kugeuza mwanga wa mandhari kuwa rangi za kioo cha kompyuta, nayo hushusha sehemu zenye mwanga mkali taratibu badala ya kuzikata. Nilipoiona plasta ile ikibaki plasta, na mlango wa kuchonga uliomo kivulini ukisomeka katika picha ileile, uamuzi wangu ulikuwa umefanyika.

Paa la makuti ni kazi ngumu kwa programu yoyote, kwa sababu lina maelfu ya majani. Katika Blender nilitengeneza kuti chache tu, kisha nikazisambaza juu ya paa kwa nodi za jiometri, zana ya Blender ya kuunda na kupanga maumbo kwa kanuni, ambazo hurudia umbo moja bila kulihifadhi upya kwenye kumbukumbu kila mara. Kwa mbao na mawe ya kawaida natumia maktaba ya mtandaoni ya Poly Haven, ambayo ni ya bure hata kwa kazi za biashara. Mwarobaini na mkungu wenye umbo la kuridhisha ni nadra katika maktaba za miti. Hiyo ni kazi ya kuifanya mwenyewe, na inastahili muda, kwa kuwa mti usio wa mahali pale huharibu picha nzima.

Blender ni programu huria, haina ada ya mwaka, na hufanya kazi bila intaneti. Gharama yake ni muda: kuijua vizuri kunahitaji miezi, si siku, na picha moja kubwa inaweza kuchukua usiku mzima, basi UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, ni lazima. Kisafisha chembe cha Intel kilichomo ndani yake, ambacho huondoa vidoa vinavyobaki kwenye picha iliyorendwa kwa muda mfupi, hupunguza sana muda huo, ingawa kikitegemewa kupita kiasi hulainisha michongo ya milango.

Kwa kumtembeza mteja ndani ya nyumba papo hapo bado natumia Twinmotion, ambayo tangu 2024 ni bure kwa wanaoingiza chini ya dola milioni 1 kwa mwaka. Na kwa ofisi ambayo inachora ndani ya Revit, programu ya kuchora majengo, kutwa nzima na mchoro wake hubadilika kila baada ya kikao, ningependekeza Enscape, kwa kuwa hufanya kazi ndani ya Revit yenyewe na kila badiliko huonekana mara moja.