Louvre kwa jicho la mwashi

Mwanangu anayeishi Paris alinipeleka makumbusho ya Louvre, akataka tukimbilie mchoro wa Mona Lisa. Nikamwambia, mama, nishushe kwanza kwenye msingi. Mimi ni mwashi, nyumba naianza chini.

Na huko chini, upande wa Sully, mmoja wa pande tatu za jengo, ndiko kuliko na utamu. Unatembea ndani ya handaki la ngome aliyoanza kuijenga mfalme Philippe Auguste karibu mwaka 1190. Mawe yamechongwa yakakaa sawasawa, na mengine bado yana alama walizochora waashi wenyewe. Nilipapasa kwa macho tu, maana kugusa hairuhusiwi, mpaka binti akaanza kuguna.

Mfalme Charles V aliigeuza ngome kuwa makazi. François I akaanzisha kasri jipya mwaka 1546. Mwaka 1682 Louis XIV akahamishia makao yake kasri la Versailles, nje ya Paris, na Mapinduzi ya Ufaransa yakafungua milango kwa umma kama makumbusho tarehe 10 Agosti 1793.

Vyumba vya mfalme mkuu Napoleon III vimejaa dhahabu na mahameli nyekundu. Kwangu mimi ni makelele. Kinachochekesha, Wizara ya Fedha ilikaa upande huo hadi 1989. Hebu fikiria kupiga hesabu za kodi chini ya taa zile!

Mona Lisa? Tulimwona, katikati ya vichwa vya watu. Piramidi ya vioo ya msanifu majengo I. M. Pei pale uani naipa heshima zake, viungo visafi kabisa. Jumanne makumbusho hufungwa. Vaeni viatu vya kutembelea, na mzee mwenye magoti mabovu asijilazimishe kumaliza pande zote tatu.