Gari la 4x4 (linaloendeshwa na magurudumu yote manne): ununue lililotumika au ukodi jipya kwa mkataba?

Jipya la mkataba lina raha zake: waranti, injini isiyo na historia, malipo ya kila mwezi yanayojulikana. Lakini soma masharti. Kilomita zina kikomo, ukizidisha unalipa. Mikwaruzo na bampa lililopinda hutozwa siku ya kurudisha. Kuinua springi au kufunga winchi (mashine ya kuvuta gari lililokwama) kwa kawaida hairuhusiwi bila idhini. Sasa hilo ni gari la porini kweli?

Lililotumika limeshashuka bei mikononi mwa mmiliki wa kwanza, na unalifanya utakavyo. Ila ingia chini yake kabla ya kulipa: kutu kwenye chesisi (fremu ya gari), difu (gia za ekseli) inayovuja, mfumo wa 4x4 usioingia. Tenga pia akiba ya matengenezo. Kwa anayekanyaga matope kila wiki, sioni sababu ya kukodi.